Maabara za mionzi ya chakula nazo zipimwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vyeti vya mionzi vya vyakula vinavyoingia na kutoka Tanzania. Wafanyabiashara hulalamikia zaidi ada na ucheleweshaji. Zito zaidi ni usahihi wa tarakimu iliyoandikwa kwenye cheti. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu bekereli (kipimo cha mionzi) 1,000 za sesiamu, elementi yenye mionzi, kwa kilo; Japani, tangu 2012, hukubali 100 tu kwa vyakula vya kawaida. Kosa dogo laweza kurudisha shehena nzima.

Kigunduzi, yaani kifaa cha kupimia mionzi, hata kikiwa cha bei ghali hakizuii makosa hayo. Kikisawazishwa kwa maji kisha kikapima maziwa ya unga bila marekebisho, kitazidisha kiwango, kwa kuwa unga ni mwepesi kuliko maji na hunyonya miale michache ya gama (mionzi inayopimwa), hivyo mingi zaidi hukifikia kigunduzi. Sesiamu-134, aina mojawapo ya sesiamu, hutoa miale kadhaa kwa pamoja. Sampuli ikiwa karibu mno na kigunduzi, miale hiyo huhesabiwa kama mmoja na jibu hupungua. Iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, hupungua nusu kila siku 8, hivyo tarehe ya kuchukua sampuli isipozingatiwa, jibu ni batili.

Napendekeza Tume ya Nguvu za Atomu ihakikishe kila maabara inayopima inashiriki, walau mara moja kwa mwaka, majaribio ya sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana kwa mwandaaji pekee, kama zile za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Zipimwe kama sampuli ya mteja yeyote, si kwa uangalifu wa pekee, na matokeo yatangazwe. Maabara itakayokosea itafute chanzo na irudie jaribio kabla majibu yake hayajatumika kwenye cheti kingine.

Mpimaji wa mionzi,
Arusha