Kuhusu funza uliowakuta kiotani

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu naona uliiandika ukiwa na uchungu. Unasema ulichungulia kile kiota ukakuta makinda wamelegea, na ulipofunua nyasi za chini ukaona funza wanajikunja kukimbia mwanga. Sasa unataka kukitoa kiota chote ukichome moto, au upulize dawa ya wadudu. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mpaka umalize kusoma.

Kwanza tuwajue hao funza ni wa nani, maana wako wa namna mbili na watu wengi huwachanganya. Kuna watoto wa nzi wa mizoga wa kawaida, ambao hutaga juu ya kitu kilichokwisha kufa. Kinda akifa kwa njaa au kwa baridi, nzi hao hufika upesi, na ukimkuta baada ya siku chache amejaa funza weupe utaapa kwamba ndio waliomuua. Hawakumuua. Wale wengine ni ndugu zao wa karibu, wanaoitwa kitaalamu Protocalliphora. Mabuu wao hawagusi mzoga. Hunywa damu ya kinda aliye hai. Wanaishi Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Afrika nako kuna nzi mwenye tabia hiyohiyo, Passeromyia, ingawa yeye ni wa ukoo wa nzi wa nyumbani.

Ukitaka kuwa na uhakika, mchukue mmoja umweke kiganjani. Hana miguu, ni mnene, rangi yake imefifia kama ya udongo, na ngozi yake inaonyesha kilicho ndani. Aliyetoka kunywa utamwona ana doa jeusi lenye wekundu katikati ya mwili. Hiyo ni damu ya kinda. Mwangalie na kinda mwenyewe: sehemu anazoumwa ni tumboni, miguuni, chini ya mabawa na pale manyoya yanapoanza kuchipua, na mara nyingi utakuta vigaga vidogo vyeusi. Mchana funza hawa hujificha chini kabisa ya kiota, ndiyo sababu mtu anaweza kuchungulia kila siku asione kitu. Hupanda zaidi usiku, wakanywa, wakashuka tena.

Mama yao hutaga kiotani karibu na wakati mayai ya ndege yanapoanguliwa. Yeye mwenyewe hanywi damu, ni nzi mwenye mng'ao wa buluu au kijani anayeishi kwa utomvu mtamu wa maua. Watoto wake ndio wanaonyonya, kwa wiki moja hadi mbili hivi, kisha hugeuka pupa humohumo kwenye nyasi, vidude vya kahawia vyenye umbo la pipa. Wakati nzi wapya wanatoka, aghalabu ndege wameshaondoka. Nataka ulitie hilo akilini, kwa sababu ukikuta pupa pekee, au wengi wao wamekwisha kuwa pupa, kunyonya kumekwisha au kunakaribia kwisha, na kubomoa kiota wakati huo hakumsaidii kinda hata kidogo.

Sasa swali lako lenyewe: je, watakufa? Mara nyingi hapana. Kiota kimoja kinaweza kuwa na makumi ya funza, hata zaidi ya mia, na bado makinda wakaruka. Hupungukiwa damu, wengine huwa wepesi kuliko inavyopasa, lakini wazazi wakiona watoto wanalia zaidi huongeza safari za kuleta chakula na kufidia sehemu kubwa ya hasara. Hatari huja mambo yanapoandamana. Mvua ya siku kadhaa, baridi, wadudu wa kulisha wakaadimika, na chini ya kitanda kuna jeshi linalonyonya. Hapo kinda hana akiba ya kupambana. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu funza, tazama hali ya hewa na tazama kama wazazi bado wanakuja na vyakula mdomoni.

Kama hali ni mbaya kweli, yaani makinda ni baridi ukiwagusa na hawainui vichwa, unaweza kusaidia kwa mikono tu. Waweke kwenye chombo chenye kitambaa kikavu, inua kiota, kigongegonge taratibu juu ya karatasi, funza wataanguka. Nyasi zikiwa zimelowa, weka kavu za aina ileile na utengeneze shimo la umbo lilelile, kisha warudishe upesi. Usijaribu haya ikiwa manyoya yamekwisha kukamilika, kwa sababu watashtuka na kuruka kabla ya wakati. Na uliza kwanza sheria ya mahali ulipo inasemaje. Marekani, kwa mfano, ndege wengi na viota vyao wanalindwa na sheria ya mwaka 1918.

Dawa ya kupuliza usiiguse. Ngozi ya kinda haina manyoya, na anapumua hewa ya kiota hichohicho usiku kucha. Moto nao utaunguza usiowajua: kuna nyigu mdogo, Nasonia, mwenye urefu wa milimita mbili hivi, anayetoboa pupa wa nzi hawa na kutaga ndani yake. Watoto wake humla nzi kabla hajatoka. Mtu anayechoma viota vyenye pupa huenda anawachoma na hao walinzi.

Najua utaniuliza mbona Galápagos, visiwa vya Ekwado katika Bahari ya Pasifiki, wanatumia dawa. Ni swali zuri, na ndipo ninapobadili msimamo. Kule nzi aitwaye Philornis downsi aliletwa na watu. Sampuli za zamani zinaonyesha alikuwepo tangu mwaka 1964, na mwaka 1997 ndipo mabuu yake yalipogunduliwa kwenye viota. Ndege wa visiwa vile hawakuwahi kuishi naye. Mabuu wachanga huingia puani mwa kinda na kumla kwa ndani, na wanaonusurika wengine hukua na mdomo wenye matundu ya pua yaliyoharibika. Ndege mmoja mdogo anayeishi kwenye mikoko ya kisiwa cha Isabela, kimojawapo cha visiwa hivyo, amebaki kwa makadirio ya mia moja hivi tu. Mwaka 2014 watafiti walianza kuchukua mayai yake, wakayaangua na kulea makinda kwa mikono kabla ya kuwarudisha porini. Mwaka huohuo wengine walichapisha matokeo ya jaribio la kuweka pamba yenye dawa ya permethrini pale ndege wanapookota vifaa vya kujengea. Ndege wakaibeba wenyewe, na viota vilivyopata angalau gramu moja vilikuwa karibu havina funza.

Mimi naona hao wanafanya haki kabisa. Binadamu ndiye aliyempeleka yule nzi, na binadamu ndiye anayepaswa kumzuia. Lakini nzi wa kiota chako, akiwa ni wa hapo tangu zamani, ana ndege aliyezoea kumstahimili na nyigu anayempunguza. Kazi yako hapo ni kuangalia, na kuingilia tu kinda anapozidiwa.

Nenda basi kesho asubuhi jua likishapanda, usimame mbali, utazame kama wazazi wanaleta chakula na kwa muda gani wanapishana. Kisha niandikie uniambie mambo mawili: manyoya ya mabawa yamefikia wapi, na chini ya kiota kuna funza wanaotembea au kuna pupa. Nikijua hayo nitakushauri kama ukigonge kiota au ukiache.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.