Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mafriza, povu na lile tundu langu

Ndugu wanachama, wadau wote wa bia ya bomba, sisi tunaogeuza mafriji na mafriza kuukuu yawe ya kupoza na kumimina bia ya kegi (yale mapipa ya chuma), salamu. Katibu kanikumbusha kwamba mwaka jana taarifa yangu ilikuwa ndefu mpaka watu wakaanza kujimiminia kabla sijafika kwenye hesabu, kwa hiyo mwaka huu najitahidi kufupisha, ila siahidi kitu.

Nianze na lile ambalo kila mtu analijua na hakuna aliyeniuliza usoni. Ndiyo, lile friza jeupe la kulala, kubwa, ambalo mwanachama mwenzetu alitupa bure alipokuwa anahama, ni mimi niliyeliua. Mganga hajigangi. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama mbele yenu mwanzoni mwa mwaka nikahubiri kwamba friza la kulala halitobolewi ubavuni, tunaliwekea kola ya mbao juu, yaani fremu inayokaa kati ya mwili na kifuniko, na koki, mipira, kila kitu kinapita kwenye mbao. Sasa siku hiyo niko peke yangu karakana, gundi ya kola haijakauka, nimechoka kusubiri, nikajiambia aah, tundu moja tu la mpira wa gesi ya bia lina ubaya gani, nikashika drili. Bati likakubali, ile spanji ya njano ikaanza kutoka unga unga, halafu nikasikia ssssss. Niliacha drili humo humo nikasimama tu kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa.

Kwa wale wapya niseme kwa nini. Mafriji mengi ya zamani yana yale mabomba meusi ya kutoa joto mgongoni, unayaona kwa macho. Friza la kulala mara nyingi halina hayo, mabomba yamefichwa ndani ya kuta, yamegandamizwa kwenye bati la nje na yanazunguka karibu pande zote. Likiwa linafanya kazi weka kiganja ubavuni, huo uvuguvugu unaousikia ndiyo bomba lenyewe. Ukilipasua, gesi ya kupoza imekwenda yote na kulirudishia inataka fundi mwenye mitambo yake, na kwa friza kuukuu la bure haina maana hata kidogo.

Halafu kuna hili ambalo lilinitoa jasho baadaye. Nilipogeuza friza nikasoma kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, yaani isobuteni, ndugu wa damu wa gesi ya kupikia, inawaka. Zinakuwa gramu chache tu, makumi tu ya gramu, lakini mimi nilikuwa na drili ya umeme inayotoa cheche mkononi kwenye chumba kilichofungwa. Basi tangu siku hiyo utaratibu ni huu: kwanza unasoma kibandiko, ndiyo unashika kifaa. Na ukikuta R12 kwenye yale mazee kabisa, hiyo ndiyo moja ya zile gesi zilizowekewa mkataba wa Montreal mwaka 1987 kwa kula tabaka la ozoni, haiachiwi hewani ovyo, friji la namna hiyo kama linapoa vizuri tunalitumia bila kugusa mfumo wake na kama limekufa linakwenda kwa mtu anayejua kunyonya gesi.

Friji la kusimama ni rafiki zaidi. Mlangoni kwa kawaida hakuna bomba la gesi, koki zinapita hapo na maisha yanaendelea, angalia tu kama lina ile sehemu ya maji ya baridi au nyaya za taa. Ukilazimika kutoboa ubavu au dari, fundi wetu ametuonyesha mbinu moja tamu sana: unakoroga wanga wa mahindi na spiriti mpaka uwe uji mwepesi, unapaka eneo lote friji likiwa limezimwa, unasubiri mvuke wa spiriti upungue, hakuna moto wala sigara karibu, halafu unawasha. Palipo na bomba la moto panakauka haraka kuliko pengine, unaona mistari myeupe inajichora yenyewe kwenye bati. Mimi niliangalia ile mistari nikaumia roho, maana ingenichukua nusu saa tu.

Kola yenyewe ilitugombanisha mikutano miwili. Kuna wanaotaka kola ibaki kwenye mwili wa friza na wanaotaka ishikane na kifuniko ifunguke nacho. Mi niko upande wa kifuniko na sibadiliki. Kegi ya soda ile ya kawaida, tunayotilia bia, inabeba galoni tano za Kimarekani, karibu lita 19, ikijaa inafika kama kilo 23, sasa uinyanyue kilo 23 upitishe juu ya ukuta wa friza halafu tena juu ya mbao, mgongo wa nani? Wenzetu wanasema koki zikiwa kwenye kifuniko mipira inavutika kila ukifungua, ni kweli, lakini mpira unaweza kuuachia urefu, mgongo huwezi. Tulipiga kura, nikashindwa. Sawa. Kola zote tulizotengeneza mwaka huu zimebaki kwenye mwili, zimebandikwa kwa silikoni, ndani zimewekewa foamu ya kuzuia joto maana mbao tupu inatoa jasho na baada ya mwezi inaota ukungu mweusi.

Upande wa joto hatujafanya vibaya. Friza limetengenezwa kushuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, sisi tunataka 3 au 4 juu ya sifuri, kwa hiyo tunalichomeka kwenye kontrola ya nje ambayo ina sensa yake (siyo ya kuhesabu watu, ni kile kiwaya chenye ncha). Kontrola ikisoma joto limepanda inawasha, likishuka inazima. Sensa ukiining'iniza hewani kompresa itakuwa inawaka na kuzima kila mara mpaka ife, ibandike ubavuni mwa kegi kwa tepu ufunike na kipande cha sponji au itumbukize kwenye chupa ya maji, na ile sehemu ya kuchelewesha kompresa iache kwenye dakika tano hivi isipunguzwe. Mwanachama mmoja, simtaji na anajua ninamwangalia, alifanya usafi akatoa sensa akaiweka mezani akasahau kuirudisha. Kontrola inasoma joto la chumba, inadhani bia inachemka, friza linapiga kazi usiku kucha. Asubuhi alikuta kegi mbili zimekuwa mawe, moja kifuniko chake kimevimba. Alikuja kuniuliza eti bia iliyoganda ikiyeyuka inarudi kama zamani? Hairudi, labda uite jina lingine.

Sasa povu. Hili ndilo limeleta meseji nyingi kwangu mwaka mzima kuliko jambo lolote, na karibu kila meseji inaanza vile vile, mwenyekiti gesi ni kali nimepunguza presha lakini bado. Jamani. Kupunguza presha ndiyo kunazidisha! Bia inashika gesi kulingana na baridi na presha, ukiwa kwenye nyuzi 3 na presha ya psi 12 (psi ni kile kipimo cha kwenye geji) inatulia na ujazo wa gesi kama mara mbili na nusu ya ujazo wake, hapo ni pazuri kwa bia nyingi. Ukishusha presha gesi inaanza kujitoa kwenye bia ikiwa bado ndani ya mpira, unaona vipovu vimekaa kwenye mpira kama shanga, ukifungua koki vinatangulia wao. Baada ya siku kadhaa bia nayo imepoteza gesi, sasa una povu na bado bia haina msisimko. Acha presha hapo hapo, ongeza urefu wa mpira. Kwa mpira mwembamba wenye tundu la milimita 5 hivi, anzia mita tatu, uzungushe juu ya kegi. Najua mita tatu inaonekana ujinga wakati koki iko hapo hapo sentimita arobaini, lakini ule msuguano ndiyo breki.

Na kama glasi ya kwanza tu ndiyo povu halafu ya pili safi, hapo mpira hauna kosa, ni koki yako ya moto. Kwenye friza baridi linazama chini, huko juu kwenye kola ni kama nchi nyingine kabisa. Wekeni feni ndogo ile ya kompyuta chini ipulize juu. Mimi nilibisha hili miezi mitatu, nikaweka, glasi ya kwanza ikatoka safi siku ile ile, sikumwambia mtu.

Gesi. Mtungi wa kilo mbili na kidogo tuliujaza jioni, asubuhi mtupu. Geji ilikuwa inaonyesha vizuri tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwenye mtungi gesi ya kaboni iko kama maji, kwa hiyo geji inakaa pale pale mpaka tone la mwisho halafu inaanguka ghafla. Ukitaka kujua kilichobaki pima uzito. Uvujaji wenyewe ulikuwa oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko cha kegi, imekatika kidogo kama kucha, tuliipata kwa maji ya sabuni na chupa ya kupulizia. Lakini nilichosema sana kwenye kikao ni kwamba ile gesi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha inaweza kukulaza, kwa hiyo kabla ya kuingiza kichwa ndani ya friza lililovuja unafungua milango kwanza, unaacha muda. Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda.

Usafi wa mipira ni aibu. Tulikubaliana kila wiki mbili, ratiba imebandikwa ukutani, majina matatu tu ndiyo yana alama ya vema, na mawili ni ya fundi. Zile koki za zamani zinazoziba kwa nyuma zinaacha bia ndani ya mdomo wake, inakauka, inakuwa gundi, mmoja wetu alivuta mkono wa koki akabaki nao kiganjani.

Jambo la mafriji yanayosubiri zamu nje: milango na vifuniko viondolewe siku hiyo hiyo yanapofika. Marekani walitunga sheria mwaka 1956 kulazimisha mlango wa friji ufunguke kwa ndani, kwa sababu watoto walikuwa wanajifungia humo wakicheza na hawatoki. Mengine tunayopokea yana ile komeo ya zamani. Hili sina utani nalo.

Hesabu atasoma mweka hazina, mimi nikizisoma zinabadilika.

Lile friza jeupe hatujalitupa. Kuta zake ni nene, baridi halitoki, tunachachushia humo, tunaweka chupa za maji yaliyogandishwa asubuhi na jioni na linakaa kwenye nyuzi 18 juu ya sifuri bila taabu. Tundu tumeliziba kwa kizibo cha mvinyo na katibu amelichorea mshale kwa kalamu ya wino mzito, ameandika hapa alipita mwenyekiti. Leo koki ya kulia iko tayari, ya kushoto ni stauti, ile bia nyeusi, niliyoiunganisha jana jioni, haijashika gesi, iacheni.