Wimbo ni ule ule, usiku ndio tofauti

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Mwanga, Kigoma mjini.

Ukurasa wenu wa muziki nausoma kila wiki na kila mkiandika habari za bendi mnaandika albamu imetoka lini, imerekodiwa studio gani, video imetazamwa mara ngapi, sawa, lakini sijawahi kuona hata siku moja mmeandika habari ya wimbo mmoja uliopigwa siku mbili tofauti jukwaani ukawa vitu viwili kabisa, na mi naona hapo ndipo unapoijua bendi.

Mi ni fundi redio. Miaka ya tisini kuna Mmarekani mmoja alikuwa anashughulika na mambo ya sokwe huko Gombe, akaniletea deki yake ya kaseti belti imelegea, sauti inavutika kama mtu ana usingizi, nikamfungia belti mpya. Alipokuja kuchukua akanilipa na kaseti mbili akaniachia. Zimeandikwa kwa kalamu ya wino, moja 5/8/77 nyingine 8/27/72, nikamuuliza mwezi wa 27 ndio upi, akaniambia kwao wanatanguliza mwezi. Basi ndio nikaijua Grateful Dead, bendi ya California, ilianza 1965 ikaishia 1995 alipofariki Jerry Garcia mpiga solo wao, na katikati hapo wamepanda jukwaani kama mara 2,300.

Kaseti zenyewe sio za dukani. Hawa jamaa waliwaacha mashabiki waingie na mikrofoni zao warekodi, na kuanzia 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao ukumbini na tiketi za peke yao, sharti ni kwamba mnabadilishana tu, kuuza hapana. Ndio maana leo mtu anaweza kukaa akabishana wimbo fulani ulipigwa vizuri zaidi mwaka gani, maana usiku wote ule upo, unasikika.

Sasa wengi ukiwauliza shoo gani ndio bora watakwambia ile ya tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, chuo kikuu cha Cornell kule Ithaca, New York. Mpaka Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye rekodi za kutunzwa za taifa. Aliyekuwa kwenye mitambo ni mwanamama, Betty Cantor-Jackson, na mi kama fundi nasema yule mama alikuwa na masikio, kila chombo unakisikia kimekaa mahali pake hata kwenye kopi ya kopi. Pale wanapiga wimbo wa Scarlet Begonias halafu hawaachi, wanaisogeza taratibuuu mpaka unajikuta uko ndani ya wimbo mwingine, Fire on the Mountain, zaidi ya dakika 25 zote pamoja, na hiyo Fire ni kodi za gitaa mbili tu Mhariri, mbili, zinazunguka, wapiga drams wawili wamekaa nyuma na solo anatembea juu yake. Mtu wa Kigoma huhitaji kuelezwa hicho ni nini. Sisi tumelelewa na redio za ng'ambo ya ziwa, rumba inaanza na maneno, maneno yanaisha, sebene linashika, na tunajua sebene la kwenye santuri lilikuwa linakatwa nusu upande wa kwanza nusu upande wa pili wakati ukumbini lilikuwa linakwenda mpaka wachezaji wachoke.

Lakini mi nachagua 1972. Tarehe 27 Agosti, uwanja wa wazi Veneta, Oregon, wanakichangia kiwanda cha maziwa kilichokuwa na shida ya pesa, tiketi zenyewe zimechapwa kwenye lebo za mtindi. Joto linakaribia nyuzi 40, jua linazichoma gitaa mpaka zinapoteza tyuni, na mpiga drams siku hiyo ni mmoja tu, Bill Kreutzmann, mwenzake alikuwa nje ya bendi. Humo kuna Dark Star. Huo wimbo walipoutoa kwenye santuri 1968 haufiki hata dakika 3. Veneta unapita nusu saa, kaseti yangu ya dakika 90 umekula zaidi ya nusu ya upande mmoja. Ipo pia ya ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, Februari 1969, dakika 23, hiyo niliisikia baadaye sana kwenye simu, ni nzuri ila pale naona kama bado wanaitafuta njia. Veneta hawatafuti. Besi ya Phil Lesh haimfuati Garcia, inambishia, anajibu, inaondoka tena, kuna mahali muziki unakaribia kufa kabisa unasikia tu sauti moja moja kama mtu anagonga bati kwa mbali, halafu kutoka kwenye lile giza wanaibukia kwenye El Paso, wimbo wa wachunga ng'ombe, mwepesi. Nimeurudia mara nyingi hata mkanda umeanza kupoteza sauti kali na bado hapo pananisimamisha kazi, chuma cha kuchomelea waya kiko mkononi.

Cornell ni bendi iliyoiva. Veneta ni bendi inayohatarisha. Mi nampenda anayehatarisha.

Na kuhifadhi sio jambo la hivi hivi tu. Mikanda ya huyo mama Betty ilipigwa mnada 1986 kwa sababu pango la stoo lilikuwa halijalipwa, hiyo ya Cornell imekuja kutoka rasmi 2017. Mwaka huo huo 2017 ndio zimetoka rekodi za Franco na Tabu Ley na wenzao walizopiga Kinshasa Septemba 1974, kwenye lile tamasha la pambano la Ali na Foreman, miaka zaidi ya 40 zimekaa kwenye maboksi! Na hizo ni za watu wakubwa. Za kwetu je, bendi zilizokuwa zinashuka na treni kutoka Tabora, nani kazitunza?

Mi ninayo moja. Ujiji, Idi pili, redio kaseti nimeificha chini ya meza. Kwenye wimbo wa tatu umeme unakatika, gitaa zote kimya, lakini mpiga tumba haachi na ukumbi mzima unashika kiitikio, dakika nzima watu na ngozi tu, umeme unarudi na solo anaingia palepale bila kukosea hata hatua. Kelele za watu hapo zimezidi kipimo, mkanda unakwaruza. Sebene linaanza kupanda ndipo mlinzi wa mlangoni aliponiona akanizimia, hadi leo linaishia hapo.

Kama kuna msomaji alikuwepo usiku ule wa umeme kukatika na alikuwa na mashine yake upande wa pili wa ukumbi, mi natafuta dakika zilizobaki. Aje Mwanga aulize fundi redio, kopi ya nusu yangu nampa bure.

Fundi redio,
Mwanga, Kigoma