Umeniuliza kama unapanda au umekwama kwenye gitaa

Kaka vipi,

Meseji yako nimeisoma mara mbili maana swali lenyewe zito kuliko ulivyoliandika. Unasema miezi sita imekata, kodi (chord, zile nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) unazijua nane tisa, nyimbo umeanza kibao ila hamna hata moja unayoweza kuicharaza mwanzo mwisho mbele ya mtu, sasa hujui kama unapanda au ndo kipaji kimeishia hapo. Aisee mi naona vidole vyako havina shida yoyote, shida ni vitu unavyojipimia.

Tuanze na hiyo miezi sita. Mtu anayeshika gitaa dakika 20 kila siku, miezi sita ikiisha ana masaa kama 60 hivi. Anayelishika Jumapili tu, tuseme dakika 40, kwa miezi hiyohiyo ana masaa 17 na kidogo. Wote watakwambia nina miezi sita, na huyu wa pili atamwangalia mwenzake aseme jamaa kazaliwa nacho. Na hata hayo masaa hayafanani, maana vidole vinashika vizuri zaidi ukipiga kidogo, ukalala, ukarudia kesho, kuliko kukesha nalo usiku mmoja afu wiki nzima limelala kwenye begi. Kwa hiyo miezi achana nayo.

Idadi ya kodi nayo isikudanganye. Kuijua G, C, D, Em na Am maana yake umejua pa kuweka vidole, basi. Wimbo unaishi pale unapotoka G kwenda C, na hapo ndo wengi wanafia. Chukua simu weka dakika moja, piga G mara moja, hamia C piga mara moja, rudi, hesabu umehama mara ngapi, na zile zilizolia ovyo usizihesabu. Tuseme umepata 30, yaani kila kuhama kunakula sekunde 2. Sasa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ambao kila kodi inakaa mapigo manne, kodi nzima ina sekunde 2 tu, ukizimaliza zote kwenye kuhamisha vidole utapiga saa ngapi? Ndo maana nyimbo zako zinakatika njiani kaka, hamna uchawi hapo. Wimbo huohuo uushushe mpaka mapigo 60, kodi inapata sekunde 4, utaona unapumua. Ukifika kuhama mara 60 kwa dakika nyimbo nyingi za kawaida zinaanza kukaa zenyewe. Iandike namba na tarehe, ila kila jozi iwe na namba yake, Em kwenda Am ni jirani, G kwenda C ni safari, usizichanganye ukajipa moyo wa bure.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote lakini kipo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukikosea, wa kulia unafanya nini? Kama unasimama, unarekebisha vidole afu unaendelea, bado uko chini hata kama kodi unazo 20. Kama unaendelea kushuka na kupanda kwenye mdundo huku kodi imelia nusu au haijalia kabisa, afu unaidaka inayofuata, hapo ushaanza kuwa mpigaji bana. Anayesikiliza anasamehe kodi iliyolia vibaya, wala hata haioni mara nyingi, ila mdundo ukikatika hata mtoto anageuka kuangalia. Mpe metronomu (kile kifaa au app inayogonga mapigo sawasawa) kazi hiyo, au hata ngoma tu za kwenye simu, na ukikosea ni marufuku kusimama.

Kingine cha kujaribu ni kupiga huku unaongea na mtu. Akuulize kitu chochote umjibu bila mkono kusita. Ukiweza, hizo kodi zimeshatoka kichwani zimehamia mikononi, na ndo muda wa kuanza kuimba juu yake, sio kabla, maana kuimba kunakula akili yote.

Sasa ile uliyosema siku hizi unajisikia mbovu kuliko mwezi wa kwanza, hiyo kwangu ndo habari nzuri kuliko zote kwenye meseji yako. Mwezi wa kwanza ulikuwa husikii. Uzi ulikuwa unakwaruza kwa sababu kidole kiko mbali na freti (vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo), we unaona freshi tu. Sahivi unasikia uzi wa pili umeshuka kidogo, unasikia kidole cha pete kimegusa uzi wa jirani ukakufa. Sikio limekua haraka kuliko mkono. Lipime nalo: zima tyuna (app ya kupimia kama nyuzi ziko sawa), bana uzi wa sita, ule mnene wa juu kabisa, kwenye freti ya 5 uulinganishe na wa tano ukiwa wazi, endelea hivo mpaka chini, ila uzi wa tatu unabanwa freti ya 4 kupata wa pili. Afu washa tyuna uone umekosea kiasi gani.

Na hiyo kodi ya F inayokunyima usingizi, kabla hujajilaumu jaribu hivi: umbo lilelile la F lipeleke freti ya 5, pale linakuwa A. Likilia safi huko, mkono wako unaijua bare (kidole kimoja kubana nyuzi zote), kinachogoma ni pale freti ya kwanza ambapo nyuzi zinabanwa kwa shida zaidi, na mara nyingi kile kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopitia kimeziinua mno. Fundi anakichonga kidogo tu. Isipolia kote kote basi ni mkono, na mkono unaendelea kukua, wakati huo piga F ya nyuzi nne za chini, wa nne mpaka wa kwanza, na maisha yaendelee. Watu wanaacha gitaa kwa ajili ya F wakati gitaa lenyewe ndo bovu, inaniuma sana hii.

Haya, mi nataka rekodi. Chagua wimbo mmoja wa kodi tatu au nne, metronomu kwenye 60, simu iweke mezani piga mwanzo mwisho bila kusimama, nitumie. Usiirudie mpaka iwe nzuri, nitumie ileile ya kwanza, na usiniandikie umekosea wapi, niache niyatafute mwenyewe.

Wako,
yule yule