Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Tunaomba gati, hatuombi Diani

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kisumu. Mimi hubeba wageni kwa boti katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, mwaka wa tisa sasa, na kabla hujadhani natafuta kazi wizarani, ninachotaka ni gati. La mbao, la saruji, lolote lile, mradi mgeni apande boti miguu ikiwa mikavu.

Wazo hili lilinikera zaidi nilipokwenda Mombasa. Desemba iliyopita shemeji yangu alioa Kisauni, tukakaa huko siku kumi. Mtu wa kazi hii hapumziki, hukagua. Fort Jesus nililipa langoni, nikapewa risiti, kisha mzee mmoja akatuzungusha kwenye ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akasimulia jinsi Waomani walivyoizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaitwaa mwaka 1698. Binti yangu ana miaka minane. Hadi leo akikasirishwa na kaka yake humwambia atamzingira.

Tukapanda matatu hadi Malindi kuona nguzo ya Vasco da Gama. Nisamehe, lakini nilicheka. Ni nguzo nyeupe yenye msalaba juu, basi, na watu wanangojeana zamu ya kupiga picha! Mimi natoka kwenye Kit Mikayi, majabali yaliyopandana kama nyumba za ghorofa kando ya njia ya kwenda Bondo, ambako waumini hupanda kusali na akina mama husimulia habari za mke wa kwanza aliyelipa jiwe jina lake. Tofauti niliyoiona ni kwamba pale Malindi kuna kijia, kuna ukuta wa kukaa, na kuna mtu wa kukueleza unatazama nini.

Watamu ndiko nilikonyamaza kabisa. Bahari ile imehifadhiwa tangu 1968. Nahodha alitugawia jaketi za kuokolea maisha kabla hata ya kutusalimia, akatupeleka kwenye matumbawe, samaki wakaja chini ya kioo cha boti. Lamu sikufika, pesa ziliishia hapo. Sisemi Pwani hakuna kasoro: vijana wa ufuoni Diani walinifuata kilomita nzima wakiniuzia vikuku, na walipokisikia Kiswahili changu cha bara bei ikapanda.

Sasa nikupeleke kwetu. Mwezi wa pili nilipata wageni wanne kutoka Nakuru, walimu wastaafu, waliotaka kuona ndege wa kwenye mafunjo na kuvuka hadi Kisiwa cha Ndere. Kwenye bichi yetu boti haifiki nchi kavu, kwa hiyo kuna vijana wanaobeba watu mgongoni kwa shilingi hamsini. Watatu walikunja suruali wakaingia majini. Wa nne, mama mnene mwenye goti bovu, akabebwa. Mkoba ulimning'inia shingoni, mikono imemkaba kijana koo, na katikati ya safari kiatu kimoja kikamvuka, kikazama kwenye tope jeusi. Tulikitafuta kwa kasia robo saa nzima. Hatukukipata. Mama alicheka, akatupa pole sisi, akaizunguka Ndere na kiatu kimoja. Jioni akanilipa na bahashishi juu. Hajarudi, na wenzake hawajarudi, wala siwalaumu.

Tumeandikia ofisi moja mara tatu kuhusu jambo hili. Jibu ni kwamba suala liko mezani. Meza hiyo lazima iwe pana kuliko ziwa.

Na ajabu ni kwamba mji huu ulizaliwa na gati. Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence, na mizigo ya Uganda ikashushwa hapa ipakiwe melini. Mji wa bandari, Mheshimiwa, halafu mgeni anabebwa mgongoni kama gunia la omena.

Vya kuonyesha tunavyo. Rusinga kuna kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, na ndiko mtafiti Mary Leakey alikochimbua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale wa mamilioni ya miaka iliyopita, mwaka 1948. Mfangano kuna michoro ya kale kwenye mapango. Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe kule Migori, iliingizwa mwaka 2018 kwenye orodha ileile ya UNESCO ya urithi wa dunia yenye Mji Mkongwe wa Lamu na Fort Jesus. Sehemu mbili kati ya hizo ni visiwa, na kisiwa bila mahali pa kushukia ni picha tu ya kutazamwa kwa mbali.

Ninachoogopa ni kwamba ukituonea huruma utatuletea mradi mkubwa: hoteli, miavuli ya makuti, mchanga wa kumwagwa kwa lori. Tafadhali usitujengee Diani. Maji yetu si ya kuogelea hovyo, kuna viboko, na upepo ukigeuka gugumaji hufunga ghuba usiku mmoja. Tunachotaka ni gati linaloelea, lipande na kushuka pamoja na maji, kwa sababu miaka ya karibuni ziwa lilifurika likameza ufuo wa zamani. Choo chenye mlango. Ubao wa bei, ili hata sisi wenye boti tusimbambike mgeni, maana tunambambika, nakiri. Na sheria ya jaketi ifuatwe ziwani kama ilivyofuatwa Watamu.

Ukipata nafasi, njoo mwenyewe bila msafara. Boti hutoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nitakutoza bei ya mwananchi. Ile hamsini ya kubebwa utamlipa kijana mwenyewe, na viatu uviache garini.

Wako,
Mwenye boti, Kisumu