Mwanaidi, usijaze hiyo fomu bado

Leicester, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Habari za Coventry, watoto hawajambo? Na Mzee Hamadi, goti limepoa? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Salma anakusalimu na anadai sufuria yake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na lile tangazo la kadi ya mkopo (credit card) ulilonipiga picha nimelisoma mpaka vile viherufi vya chini. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu hesabu zinapotea. Usijaze fomu bado.

Unataka kadi moja ikufanyie kazi mbili: ichukue lile deni la pauni 2,400 la kadi ya zamani, na inunue jokofu na kitanda kabla mama hajafika mwezi wa sita. Kadi za namna hiyo zipo hapa Uingereza, na si utapeli. Lakini itazame picha tena. Miezi 20 bila riba ni ya deni lililohamishwa. Manunuzi yamepewa miezi 6 tu, na yameandikwa mstari wa pili. Wewe umechukua miezi 20 kwa vyote. Halafu imeandikwa "hadi" miezi 20, maana yake wanaweza kukukubali wakakupa michache. Hata APR ile ya tangazo, yaani kiwango cha riba na ada kwa mwaka, sheria inadai wapewe angalau asilimia 51 ya wanaokubaliwa. Wengine hutozwa zaidi.

Sasa hesabu. Kadi yako ya sasa ina APR ya 24.9, kwa hiyo deni la 2,400 linakula riba ya kama pauni 45 kwa mwezi. Ada ya kuhamisha ni asilimia 3, yaani pauni 72, nayo inaongezwa juu ya deni: 2,472. Ada hiyo inajirudisha kabla miezi miwili haijaisha, kwa hiyo kuhamisha ni jambo la maana, sikukatazi. Gawa 2,472 kwa 20 upate pauni 123.60. Weka 125 kila mwezi. Yale malipo ya chini kabisa wanayokuandikia kwenye taarifa ya mwezi yatakuvusha miezi 20 ukiwa bado na deni kubwa, na siku hiyo riba kamili inaanza.

Ongeza jokofu na kitanda, tuseme pauni 600. Kwa miezi 6 ni 100 kila mwezi. Basi nusu mwaka wa kwanza unatoa karibu pauni 225 kwa mwezi, na huo ndio muda wa mama kuja! Usipomaliza, manunuzi yanaanza riba, na malipo yako yanaelekezwa kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Kanuni hiyo ipo tangu 2011 na ni nzuri, ila deni la zamani litabaki pale pale huku miezi yake inakwenda.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo halisemi: hujui kikomo watakachokupa, yaani deni la juu kabisa wanaloruhusu kwenye kadi, mpaka wakukubali. Wakikupa 2,000, kuhamisha mara nyingi kunaishia asilimia 90 au 95 ya kikomo, na ada imo humo. Hapo deni lote haliingii, na nafasi ya jokofu haipo. Kikomo ni kimoja kwa kazi zote mbili.

Kabla ya kuomba, tumia kile kipimo cha mtandaoni kinachokuonyesha uwezekano wa kukubaliwa. Hicho hakiharibu rekodi yako ya mikopo. Ombi kamili linaacha alama, na maombi manne kwa wiki moja yanawatia shaka watoaji kadi. Na tangu uhame nyumba, umejiandikisha upya kwenye daftari la wapiga kura? Tanzania imo Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mwenye kibali cha kuishi hapa kama wewe anaruhusiwa, na Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, wanalitumia daftari hilo kuthibitisha anwani yako.

Kadi yako ya sasa ni ya benki ya Halifax, sivyo? Basi usihangaike na Lloyds wala Bank of Scotland, ni kundi moja, na benki za kundi moja kwa kawaida hazihamishiani deni.

Ukikubaliwa, hamisha mapema, kwa kuwa ofa mara nyingi ina siku 60 au 90 tangu akaunti ifunguliwe. Endelea kulipa kadi ya zamani mpaka uone kwa macho yako kwamba deni limetoka. Mwezi unaofuata kadi hiyo ya zamani itakuletea vijiriba vilivyobaki. Vilipe vyote, watu wengi hukamatwa hapo. Kadi mpya iwekee dairekti debiti, benki ilipe yenyewe kila mwezi, siku ile ile. Kuchelewa mara moja kunaweza kukunyang'anya miezi yote ya bure, mbali na faini.

Usitoe pesa taslimu kwa kadi hiyo. Na mchango wa arusi ya Tatu usiutume nayo, maana kampuni nyingi huhesabu kutuma pesa kama kutoa taslimu: ada, na riba tangu siku ya kwanza.

Jokofu lenyewe ningependa ulinunue kwa kadi ya mkopo. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 (Consumer Credit Act) kinamfanya mtoaji kadi awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Duka likifa, unadai kwenye kadi. Lakini kitanda acha. Salma anacho cha kukunja, hakilaliwi na mtu.

Mzee Hamadi ana haki kuuliza habari ya riba. Kifungu cha riba kimo kwenye mkataba hata usipoilipa kamwe. Hilo apelekewe sheikh, mimi sitoi fatwa.

Kama ni mimi ninayechagua, ningetafuta kadi ya kuhamisha deni peke yake, yenye muda mrefu au isiyo na ada, na nisiiguse dukani. Ukinunua kitu kwa kadi hizo, riba huanza mara moja kwa sababu deni la mwezi hulimalizi.

Sasa nijibu. Pauni 125 kwa mwezi unaziweza, hata miezi ya likizo ya shule? Jokofu uliloliona ni bei gani hasa? Kuna malipo yoyote uliyochelewesha mwaka huu? Tangazo linakwisha lini? Na mama anatua uwanja gani, nani anakwenda kumpokea?

Wako,
Zuhura