Tunawasilisha filamu au kivuli chake?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watayarishaji wenzangu wa filamu ambao, wanapokwenda kusajili hakimiliki, huchagua nakala hafifu kuliko zote walizonazo, au hutaka kupokelewa kwa kionjo cha dakika mbili na muhtasari wa hadithi.

Hoja yao naijua, maana hata mimi niliwahi kuitumia: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kama ulivyorekebishwa baadaye, hauifungi haki ya mtunzi kwenye usajili. Ni kweli. Lakini siku kazi mbili zitakapolinganishwa mahakamani onyesho kwa onyesho, muhtasari hautaonyesha kamera ilikaa wapi, mkato uliangukia wapi, wala sauti ipi ilisikika.

Yaliyotokea Marekani yanatufaa. Kabla ya mwaka 1912 sheria ya huko haikuitaja filamu, ila ilizilinda picha za kawaida. Hivyo kampuni ya Thomas Edison na nyinginezo zilichapa filamu zao kwenye mikanda mirefu ya karatasi, fremu baada ya fremu, zikazisajili kama picha. Mikanda halisi ilikuwa ya naitreti, kitu kinachooza na kushika moto upesi, na mingi haipo tena. Karatasi zilidumu, na kuanzia miaka ya 1950 zilipigwa picha upya, hata filamu zaidi ya 3,000 zikaweza kutazamwa tena. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuhifadhi chochote. Walikuwa wanatimiza masharti tu.

Sheria ilipoanza kuitambua filamu mwaka 1912, Maktaba ya Kongresi, ambako hakimiliki za Marekani husajiliwa, kwa kuhofia moto, ikawa inawarudishia wenyewe mikanda na kubaki na maelezo ya maandishi. Bila shaka watayarishaji waliona nafuu, kama tunavyoiona sisi leo. Utafiti wa maktaba hiyohiyo uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo, zilizotoka kati ya 1912 na 1929, zimepotea kabisa. Sisemi kwamba urudishaji huo ndio pekee uliozipoteza, kwani studio nyingine ziliiyeyusha mikanda yao wenyewe ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Nasema tu kwamba palipostahili kuwa na nakala ya pili palikuwa na karatasi za maelezo.

Kwa hiyo tuwasilishe filamu nzima, toleo lile lile lililotazamwa na umma, katika ubora wa juu, bila nywila na bila alama ya maji katikati ya picha. Nazo ofisi zinazopokea zisigonge muhuri kabla ya mtumishi kuifungua nakala na kuitazama hadi mwisho, kwa sababu diski isiyosomeka hugunduliwa siku inapohitajika, wakati ambapo mwenyewe huenda hana nyingine.

Wako,
Mtayarishaji wa filamu